Jaketi la baridi kutokana na blanketi kuukuu la sufu: la kuingiza kichwani, la zipu au kapoti?

Blanketi la sufu likishapita mkasi halirudi kuwa blanketi, kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanyika kabla ya kukata. Wengi huanza na picha ya jaketi waliyoiona kwenye simu, wakampelekea fundi, na mwisho wanapata nguo nzito yenye zipu inayojikunja na mikono isiyoinuka. Kosa halikuwa la fundi. Blanketi halikufaa mshono ule, au kazi ya mvaaji haikuhitaji zipu kabisa.

Mishono inayofaa blanketi ni mitatu: jaketi la kuingiza kichwani, jaketi la zipu lenye bitana, na kapoti, yaani koti refu la kujifunika na kufunga kwa mshipi. Tunailinganisha kwa ajili ya watu wa baridi ya kweli: Makete na Njombe umande unapoganda mwezi Juni na Julai, Lushoto, Limuru, Kinangop, na wanaopanda Meru na Kilimanjaro. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa watu wengi, jaketi la kuingiza kichwani, lililokatwa kwa mistari iliyonyooka kama kanzu fupi, ndilo bora. Zipu ina mahali pake, na mahali penyewe ni juu ya pikipiki. Kapoti ni la mtu wa lindo.

Kwanza hakikisha ni sufu

Kwenye marobota ya mitumba mablanketi mazito yote hufanana kwa mbali. Lebo ikiwepo, isome. Mara nyingi imeshakatwa. Chomoa nyuzi tatu nne ukingoni, zisokote pamoja, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, kisha ziwashe. Sufu hushika moto kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa kiberiti, na huacha jivu jeusi linalosagika vidoleni. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu isiyosagika. Pamba huwaka upesi kama karatasi. Jaribu nyuzi za urefu na za upana kila moja peke yake, kwa sababu yapo mablanketi ya sufu upande mmoja tu, na upande wa pili ni pamba au nailoni.

Ukihisi ni mchanganyiko, kata kipande cha sentimita 3 kwa 3, kitumbukize kwenye Jik isiyotiwa maji ndani ya chupa ya glasi, nje ya nyumba, ukiache usiku kucha. Usichanganye na dawa nyingine yoyote. Sufu yote itayeyuka. Kinachobaki asubuhi ndicho kilichochanganywa. Kama hakuna kitu zaidi ya nyuzi chache, blanketi ni zuri. Kama kipande kimebaki na umbo lake zima, tafuta blanketi jingine.

Shuka la Kimaasai la siku hizi kwa kawaida ni akriliki au pamba, na ni jepesi mno kuwa jaketi la nje. Litumie kama bitana. Blanketi la manyoya laini yanayong'aa ni poliesta: lina joto kitandani, lakini cheche moja ya moto wa kuni hutoboa tundu, na poliesta iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi. Mablanketi ya kijivu ya msaada mengi hutengenezwa kwa nyuzi fupi zilizorejelezwa. Yanaweza kuwa na sufu ndani, ila huachia kwenye mshono wa kwapa na kwenye mfuko, mahali penye kuvutwa. Ukilazimika kuyatumia, yashonee kapoti, ambalo halivutwi sana.

Baada ya hapo, pima uzito. Weka blanketi kwenye mzani wa duka, gawa gramu kwa eneo lake. Blanketi la kilo 1.4 lenye sentimita 150 kwa 200 lina mita za mraba 3, yaani gramu 467 kwa kila mita ya mraba. Hilo ni blanketi la kutafutwa. Chini ya gramu 350, upepo utapita na magoti ya mikono (hapo kwenye viwiko) yatatoboka mapema. Zaidi ya 650, kabla hata ya kulikaza (kulinywesha kwa maji ya moto na sabuni), mshono wa kola utashinda cherehani la nyumbani. Hilo waachie wanaoshona kwa mkono.

Mwisho liinue dirishani ulitazame dhidi ya mwanga. Matundu madogo ya mviringo yaliyotawanyika ni kazi ya viwavi vya nondo. Machache yanashoneka, ila yakikaa kwenye mstari mmoja mrefu ujue mkunjo mzima umeliwa. Kata ukiliepuka eneo hilo.

Kulikaza au kuliacha lilivyo

Hapa ndipo jaketi zuri hutofautiana na blanketi lenye mikono, na ndipo watu huharakisha. Unyuzi wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto, sabuni na kukanyagwa huyafungua na kuyasukuma yashikane, na yakishashikana hayaachii. Kitambaa hunywea, hunenepa, huzuia upepo zaidi, na ukingo uliokatwa hauchomoki nyuzi. Faida hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana: ukingo usiochomoka hauhitaji kukunjwa, na usipokunja unapunguza tabaka mbili kwenye kila mshono.

Kabla ya kulowesha, shonea uzi wa pamba wa rangi tofauti kuweka alama ya mraba wa sentimita 50 kwa 50 katikati ya blanketi. Mimina kwenye beseni kubwa nusu maji yanayochemka na nusu ya bomba. Utapata joto la kama nyuzi za Selsiasi 55 hadi 60. Weka sabuni ya unga ya kawaida, iyeyuke, zamisha blanketi. Likanyage kwa miguu iliyovaa mabuti ya mpira dakika 5, ligeuze, likamue kwa kulibana bila kusokota, pima mraba wako. Rudia. Alama ikifika sentimita 45 simama: limenywea asilimia 10, na linatosha. Suuza mara mbili kwa maji baridi, lianike limelazwa juu ya majani au chaga, kivulini. Ukilitundika kwenye kamba likiwa na maji yake yote, litavutika upande mmoja, na jaketi litakuwa na pindo linaloshuka kushoto.

Kuna mawili yanayoharibika. La kwanza ni kupitiliza: likifika asilimia 20 linakuwa gumu, haliinami kwapani, na mikono hukaa imetanuka. La pili ni kutonywea kabisa, ingawa kipimo cha moto kilisema sufu. Hiyo ni sufu iliyotibiwa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine. Magamba yake yameondolewa au kufunikwa. Usihangaike nayo zaidi ya raundi tatu. Ishone ilivyo, ila kingo zote zipigwe ovaloki au zizungushiwe utepe.

Kuliacha lilivyo kuna maana kwa blanketi ambalo tayari ni zito na limesukwa kwa kubana, au lenye mistari ya rangi unayoipenda, maana rangi nyekundu na za buluu za zamani huweza kuvuja. Jaribu kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya moto ukisugue kwenye mstari. Hata hivyo lifue kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukata. Blanketi lililokatwa bila kufuliwa litanywea siku utakapolifua likiwa jaketi, na bitana yake haitanywea nalo.

Mishono mitatu kwa pamoja

| | Kuingiza kichwani | La zipu, lenye bitana | Kapoti |
|---|---|---|---|
| Blanketi baada ya kukazwa | 130 × 170 sm | 140 × 180 sm | 160 × 195 sm |
| Uzito wa nguo | kilo 1.1 – 1.3 | kilo 1.4 – 1.7 | kilo 1.6 – 2 |
| Tabaka nyingi zaidi kwenye mshono | 3 | 5 hadi 6 | 3 |
| Cherehani la kawaida | linaweza | linaweza kwa tabu kwenye kola | linaweza. Mkono unatosha |
| Upepo | wastani | linazuia vizuri | wastani kifuani, linaachia chini |
| Kutembea na kupanda | bora | zuri | baya |
| Kukaa usiku mzima | zuri | zuri | bora |

Uzito huo ni wa mtu mwenye kifua cha sentimita 100 na blanketi la gramu 575 hivi kwa mita baada ya kukazwa. Mwili mkubwa uongeze.

La kuingiza kichwani

Fundi anayejua kanzu anaijua kazi hii: badani (kiwiliwili cha nguo), mikono iliyonyooka, na kikwapa, yaani kipande cha mraba kinachoshonwa kwapani. Blanketi linapenda mistari iliyonyooka kwa sababu halipotezi kitambaa na halina mzunguko wa kulazimisha. Kwa kifua cha sentimita 100, mwenye urefu wa kama 170, kata hivi:

Badani ni kipande kimoja cha 65 kwa 156, kikunjwe katikati mabegani. Hiyo inakupa nguo yenye mzunguko wa 124 na urefu wa 76 hivi. Mikono miwili ya 56 kwa 53, ikipungua hadi 33 kwenye kifundo cha mkono. Vikwapa viwili vya 15 kwa 15. Kofia ni mstatili wa 64 kwa 38, ukunjwe na kushonwa nyuma. Mfuko wa tumboni 30 kwa 24. Posho ya mshono, yaani ukingo unaobaki nje ya mstari wa uzi, sentimita 1.5, imo tayari. Vipande vyote vinaenea kwenye 130 kwa 170: badani upande mmoja, mikono miwili ikifuatana upande wa pili, chini yake kofia, na ukanda unaobaki kando ya kofia unatoa mfuko na vikwapa. Hakuna nafasi ya kukosea, kwa hiyo panga vipande vya karatasi juu ya blanketi kabla ya chaki.

Tazama mambo mawili kabla ya kukunja badani. Kama blanketi lina singa ndefu zinazolala upande mmoja, mbele zitalala kuelekea chini na nyuma zitalala kuelekea juu, na rangi itaonekana tofauti juani. Kama lina mistari karibu na ukingo, mistari itatokea kwenye pindo la mbele peke yake. Usipopenda, kata badani vipande viwili, ongeza sentimita 1.5 kila kimoja, na uweke mshono begani. Mshono huo pia unakuruhusu kushusha bega sentimita 3 kuelekea mkononi, na nguo hukaa vizuri zaidi kwa mtu mwenye mabega yanayoteremka.

Shingo ndiyo inayoharibu majaketi mengi ya aina hii. Kata tundu dogo: upana 16, kina cha nyuma 2, cha mbele 9, kisha mpasuko wa 25 kushuka kifuani. Litaonekana dogo mno. Liache. Sufu huvutika kwa uzito wa kofia, na tundu la upana wa 22 ambalo ulidhani ni sawa litakuwa linateremka begani baada ya wiki. Kabla ya kuunga kofia, pitisha mshono mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni kuzunguka shingo yote, na ushonee utepe wa pamba wa sentimita 1 ndani ya mabega. Nyuma ya mpasuko weka kipande cha kitambaa chembamba cha pamba badala ya blanketi. Funga kwa vijiti viwili vya mti mgumu na vitanzi vya kamba ya ngozi, au vifungo vikubwa unavyoweza kuvishika ukiwa umevaa glavu.

Usiache kikwapa ukidhani ni urembo. Mkono uliounganishwa na badani bila kikwapa, kwa kitambaa kinene hivi, ukiinuliwa huinua jaketi lote mpaka kitovuni. Mpanda mlima anayeshika fimbo na mchuma chai anayenyoosha mikono mbele siku nzima wote watalalamika kwa kukikosa. Kishone hivi: unga kikwapa kwanza kwenye mkono pande zake mbili, ukiacha sentimita 1.5 bila kushona kwenye kila kona. Kisha unga mkono na badani. Mwisho shona ubavu na mkono kwa mshono mmoja mrefu unaopita kikwapani. Kona ukizishona hadi mwisho zitajikunja, na hapo ndipo patakapochanika.

Udhaifu wa jaketi hili ni kuvaa na kuvua. Likiwa limelowa ni kazi kulitoa kichwani, na ukipata joto njiani hulifungui lote. Mpasuko wa 30 badala ya 25 husaidia.

La zipu

Chagua hili kama uko kwenye pikipiki alfajiri, au kama unavaa na kuvua mara nyingi ndani ya siku. Upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupenya sufu yoyote isiyo na kizuizi, hata iliyokazwa vizuri. Hapo sufu ibaki na kazi ya joto, na kitambaa kingine kipewe kazi ya upepo.

Zipu iwe ya kuachana chini, meno ya plastiki makubwa, namba 8 au 10, urefu wa sentimita 65 hadi 70. Namba 5 ni ndogo kwa kitambaa hiki, na singa za sufu huingia kwenye kichwa chake. Tatizo kubwa la zipu ni kwamba haivutiki, huku ukingo wa blanketi unavutika. Ukishona moja kwa moja, cherehani husukuma blanketi mbele na unapata mawimbi kifuani yasiyotoka kwa pasi. Dawa yake ni hii: pima zipu, kata utepe wa pamba wa urefu uleule, ushonee kwa mkono kwenye ukingo wa blanketi mpaka ukingo ulingane na utepe, halafu piga bandi (mishono ya muda ya mkono) zipu yote kwa mishono ya sentimita 1, ifunge, tazama kama pande mbili zimekutana kwenye mfuko na kwenye kola. Ndipo ushone. Anayeruka hatua ya bandi ataifumua.

Kola ya blanketi tabaka mbili, ikiungwa na badani na kipande cha ndani na bitana, hufika tabaka tano au sita. Kwa blanketi la milimita 3 hizo ni milimita 15 na zaidi, na mguu wa cherehani la nyumbani haunyanyuki kiasi hicho. Fanya kola tabaka moja ya blanketi, na ndani yake kitambaa laini cha pamba. Hata shingo itashukuru, maana sufu huwasha. Posho za mshono zikatwe kwa ngazi: moja ibaki milimita 5, nyingine 10, ili zisilale juu ya mwenzake.

Mkono wa kuingizwa kwenye duara la bega unapendeza kwenye jaketi la zipu, na sufu ina hisani hapa: kichwa cha mkono kikiwa kirefu kuliko duara kwa sentimita 3, mvuke hukinywesha bila mikunjo. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue, kiweke juu, gandamiza pasi, inua, gandamiza tena. Pasi ya mkaa inafanya kazi hii vizuri sana. Usiiburute, utalivuta blanketi.

Kapoti

Makoti ya blanketi ya kufunga kwa mshipi yalikuwa nguo ya wawindaji na wachukuzi wa manyoya Kanada. Katika majira ya baridi ya 1811, kwenye ngome ya Waingereza ya Fort St. Joseph, Ziwa Huron, askari walikosa makoti na yakashonwa 40 kwa mablanketi. Koti hilo baadaye lilifupishwa, kwa kuwa pindo refu lilisumbua kwenye theluji. Kinangop na Kitulo hakuna theluji ya namna hiyo, ila majani marefu yenye umande hufanya kazi ileile: pindo hulowa hadi magotini kabla ya saa mbili asubuhi, na sufu iliyolowa ni mzigo.

Kwa mlinzi, kwa anayekesha kando ya moto na kwa anayelala nje, hakuna kinacholishinda. Limekatwa kwa mistari, mbele moja hupita juu ya nyingine kwa sentimita 20 hadi 25, hakuna zipu wala kola ya kuumiza kichwa. Cheche ikiruka huacha doa jeusi badala ya tundu. Linashoneka lote kwa mkono kwa jioni chache. Mshipi uwe wa upana wa sentimita 8 na urefu wa mita 2 na nusu. Mwembamba hukata kiuno. Blanketi linalofaa ni la 180 kwa 220 kabla ya kukazwa.

Bitana: kamili, nusu, au hakuna

Watu huuliza zipu au vifungo, wakati bitana ndiyo inayobadilisha matumizi ya nguo kuliko vyote viwili.

Bila bitana, sufu hupitisha jasho, na inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi unyevu. Kwa mtu anayepanda kilima na mzigo hii ndiyo sababu nzima ya kutumia sufu. Ukiweka nailoni ndani yote, jasho hukwama, na ukisimama kupumzika unaganda.

Nusu bitana ndiyo tunayoipendekeza kwa jaketi la kuingiza kichwani: satini au nailoni laini ndani ya mikono na mabegani tu, ikishuka hadi usawa wa kwapa. Nguo huteleza juu ya sweta, mikono haikokoti shati, na mgongo unabaki unapumua.

Kamili iende kwenye jaketi la pikipiki. Hata hapo, kizuizi cha upepo kiwekwe mbele peke yake: kitambaa cha koti la mvua kuukuu, kati ya blanketi na bitana, kifuani na upande wa mbele wa mikono. Upepo unatoka mbele. Mgongo uachwe utoe joto. Bitana ya pamba ifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa, na iwe pana kuliko blanketi kwa sentimita 2 mgongoni, ikunjwe mkunjo mmoja wima katikati. Bitana iliyobana huchanika yenyewe, blanketi likibaki zima.

Kwa mvua, mshono wowote kati ya hii hautoshi. Sufu hupokea manyunyu, lakini mvua ya masika ikilowesha jaketi lote litakuwa zito mara mbili, na ukungu wa Makete hautalikausha kwa siku moja. Vaa koti la mvua juu yake. Kwenye usiku wa kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, livae hivyohivyo, chini ya koti la upepo, si kama nguo ya nje.

Cherehani au mkono

Cherehani la kuzungusha kwa mkono linafaa kazi hii kuliko la umeme la kisasa la plastiki. Lina nguvu, na unalipeleka mshono mmoja mmoja kwenye makutano. Tumia sindano namba 18, namba 16 kwa blanketi jepesi. Uzi wa poliesta imara. Mshono wa urefu wa milimita 4. Punguza mgandamizo wa mguu, kwa sababu ukibaki mkali tabaka ya juu husogea mbele na unafika mwisho wa ubavu sentimita 2 zikiwa zimebaki juu. Mishono ikiruka, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Safisha manyoya kwenye nyumba ya bobini kila bobini inapoisha, utie tone la mafuta.

Kwa blanketi lililokazwa vizuri, mshono bora ni wa kulaza: kipande kimoja juu ya kingine sentimita 1.5, mistari miwili ya uzi, kingo zikiwa wazi. Unakuwa na tabaka mbili tu. Kwa lisilokazwa, shona kawaida, fungua posho kwa pasi, kisha zishikize kwa mkono upande wa ndani.

Anayeshona kwa mkono atumie uzi mara mbili uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, mshono wa kurudi nyuma, mishono mitatu kwa kila sentimita. Kingo zizungushiwe mshono wa blanketi, nafasi ya milimita 8. Ni kazi ya polepole, lakini mshono wa mkono una mnyumbuko, na kikwapa kilichoshonwa hivyo hukaa miaka.

Ukimpelekea fundi

Peleka blanketi likiwa limeshafuliwa na kukazwa, maana wengi hawatalifanya hilo na si kazi yao. Peleka pia sindano zako za namba 18, uzi, utepe wa pamba, na jaketi au shati pana unalovaa juu ya sweta, apimie hilo badala ya mwili wako mtupu. Mwambie ongezeko la kifua ni sentimita 24. Kwa mazoea ya shati atataka kukupa 10 au 12, na hutaweza kuvaa kitu ndani. Omba akate kwanza badani na vikwapa kwa gunia au shuka la zamani, aviunge kwa mishono mirefu, uvae, uinue mikono yote miwili juu ya kichwa. Pindo likipanda zaidi ya sentimita 8, kikwapa kiongezwe hadi 18 kwa 18 kabla mkasi haujagusa sufu. Mabaki yote uyachukue: yatakuja kuwa viraka vya viwiko, na rangi yake itakuwa imelingana.